Barua ya kumpendekeza mtabibu wa burudani apewe tuzo: niandike nini zaidi ya "mchapakazi"?

Karata_Mkononi

Wakuu, habari za kazi. Naombeni msaada wa kuandika, si wa tiba.

Chama chetu cha watabibu wa burudani (sisi tunaotumia michezo na burudani kama tiba) kinapokea mapendekezo ya tuzo ya mchango uliotukuka katika taaluma. Nataka kumpendekeza mama mmoja aliyenilea kikazi. Yuko wodi ya utengamao (ya kumrudishia mgonjwa uwezo alioupoteza), wagonjwa wake wengi ni wa kiharusi na wa majeraha ya uti wa mgongo. Barua isizidi kurasa 2, na wanataka "ushahidi wa mchango kwa taaluma". Hapo ndipo kalamu ilipogoma.

Rasimu ninayo. Imejaa mchapakazi, mwenye upendo, anayejitoa, mfano wa kuigwa. Nikiisoma naona ingemfaa mtu yeyote, hata mlinzi wa getini (na mlinzi wetu ni mchapakazi kwelikweli). Ninachokijua mimi kuhusu mama huyu ni vitu vidogo vidogo ambavyo sijui kama vina uzito mbele ya jopo.

Nitoe mmoja. Aliletwa mzee baada ya kiharusi. Mkono wa kushoto umelala, na zaidi ya hapo, upande wote wa kushoto ni kama haupo duniani kwake. Chakula anakula nusu ya sahani, nusu nyingine haioni. Kila anayepita anamwambia, "Mzee, geukia kushoto." Anaitikia vizuri tu, hageuki. Mama akamuuliza binti yake: baba kabla ya kuugua alikuwa anapenda nini? Karata. Na hapendi kushindwa. Basi mama akaleta karata, mpinzani akamketisha kushoto kwa mzee, na karata zinazochezwa akawa anaziweka huko huko kushoto, mwanzoni karibu na katikati ya meza, halafu kila siku mbali kidogo. Mtu asiyependa kushindwa hawezi kuziacha karata za mwenzake bila kuzitazama. Shingo ikaanza kugeuka yenyewe, bila kuambiwa.

Waliopita mlangoni waliona watu wanacheza karata saa za kazi.

Sasa: huo ni mchango kwa taaluma, au ni kazi nzuri tu? Na la pili, mama mwenyewe hapendi makuu. Akijua atanikataza. Nimwambie au nipeleke kimya kimya?

Mzee_wa_Drafti

Karata, swali lako la kwanza ndilo swali lenyewe. Nimekaa kwenye majopo ya namna hiyo, na nakwambia barua nyingi huanguka hapo hapo. Si kwamba anayependekezwa hafai. Mwandishi ameeleza mtumishi mwema, jopo linatafuta kitu kingine.

Mfano wa mzee wa karata ni kazi nzuri, tena sana. Mgonjwa wa kiharusi aliyepoteza upande mmoja humfundishi kwa kumwamrisha, kwa sababu hajui kwamba kuna kitu anakikosa. Lazima upande ule uwe na jambo analolitaka. Mama ameelewa hilo na amelipangia hatua: karibu, kisha mbali. Hiyo ni tiba kamili. Ila kwa jopo bado ni mgonjwa mmoja na mtabibu mmoja. Jiulize: mama akihama kesho, kitu gani kitaendelea kutumika na watu ambao hata hawamjui? Hicho ndicho kiingie ukurasa wa kwanza.

Chukua Neva Boyd wa Chicago. Miaka ya 1920 alikuwa anafundisha viongozi wa michezo pale Hull House, kituo cha huduma za jamii. Alijua kuchezesha watu, sawa, lakini wajuzi wa kuchezesha watu walikuwa wengi. Kilichombakiza ni mafunzo aliyoyaanzisha na wanafunzi waliotoka mikononi mwake. Mmoja wao, Viola Spolin, aliichukua michezo ile akaipeleka kwenye mafunzo ya uigizaji, na huko inachezwa mpaka leo na watu ambao jina la Boyd hawajawahi kulisikia.

Au Ludwig Guttmann, yule daktari wa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Julai 1948 alifanya mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde, washiriki 16, wote kwenye viti vya magurudumu. Aliyepita uwanjani siku ile aliona watu 16 na mishale. Mwaka 1960 michezo ile ilifika Roma ikiwa na wanamichezo karibu 400, na ndiyo inayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza. Cheo cha heshima cha "Sir" alipewa mwaka 1966. Sasa jifanye unamwandikia barua mwaka 1948, kabla ya Roma, kabla ya yote. Ungeandika "ana upendo na wagonjwa"? Wengi walikuwa nao. Ungeandika kwamba mgonjwa wa uti wa mgongo, ambaye zamani alikuwa akilazwa tu asubiri mwisho wake, huyu daktari amemwekea mchezo ndani ya matibabu, na hospitali nyingine inaweza kufanya vivyo hivyo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito.

Kuna na mchango ambao haupigiwi picha kabisa. Marekani, jimbo la Utah liliweka leseni ya watabibu wa burudani mwaka 1975. Baraza la kuthibitisha sifa zao, NCTRC, likaja 1981, na chama chao cha ATRA 1984. Nyuma ya kila tarehe hapo kuna watu waliokesha vikaoni wakibishana kuhusu koma: nani aitwe mtabibu, na nani ni mtu wa kuja kuwaimbia wagonjwa siku ya sikukuu akaondoka? Mimi binafsi naona hao ndio wanaostahili tuzo kuliko sisi tunaopiga gitaa wodini, ila hakuna anayewakumbuka kwa sababu vikao havina mvuto.

Kwa hiyo mchunguze mama yako. Aliandika popote ile mbinu ya karata? Wodi nyingine zinaitumia? Wanafunzi wangapi wamepita kwake, na sasa wako wapi, wanafanya nini? Kabla yake, burudani ilikuwa inaandikwa kwenye faili la mgonjwa au ilikuwa haiandikwi? Alipata kiti kwenye kikao cha timu cha kila wiki, au alikuwa anaitwa tu kupamba ukumbi?

Tahadhari mbili. Usiseme "alimponya". Mzee yule alikuwa pia na mtu wa viungo, na mtu wa kumfundisha kuzungumza, na dawa, na ubongo wenyewe ulikuwa unajirudi. Sema alilenga nini, alifanya nini, nini kilibadilika na kilipimwaje. Halafu linda siri ya mgonjwa. "Mzee wa kiharusi" inatosha. Usitaje kazi yake, umri kamili wala mwezi aliolazwa, maana watu wa jopo nao wana ndugu. Ukitaka kueleza zaidi ya hapo, pata ridhaa yake kwa maandishi.

Kuhusu kumficha mama: usimfiche. Majopo mengi yanataka wasifu wake na saini ya kukubali. Na vitu vikubwa alivyofanya huvijui wewe, anavijua yeye.

Cheti_Ukutani

Samahanini nitaharibu hali ya hewa.

Tuzo hizi anapewa nani? Anayesimama kwenye makongamano na slaidi. Mtu wa wodini hana muda wa kuandika makala, anamaliza kipindi cha asubuhi, anasukuma viti kurudisha wagonjwa, anaosha vifaa, anaandika mafaili mpaka jioni. Kisha mnamwambia "ushahidi wa maandishi uko wapi?" Mtu kama huyo mnamhukumu kwa kipimo kilichotengenezwa na wenye nafasi ya kukaa ofisini.

Pale kwetu mwenzetu alipewa cheti na keki, wiki hiyo hiyo bajeti ya rangi na karatasi za wodi yake ikakatwa. Niacheni.

Goti_Bovu

Mimi si wa burudani, ni wa viungo (physio, kama mnavyotuita). Nimevutwa na kichwa cha habari.

Cheti, una hoja, ila nikwambie kitu kimoja toka upande wa pili wa korido. Nilikuwa na kijana wa jeraha la kichwa. Kwangu alikuwa anasimama kwenye vyuma vya kushikilia, dakika mbili, anataka kukaa. Kila siku "nimechoka". Siku moja nafungua faili, nakuta maandishi ya mwenzangu wa burudani: mgonjwa amesimama dakika 11 kwenye meza ya drafti iliyoinuliwa hadi usawa wa kiuno, mkono mmoja tu umegusa meza, alipumzika alipoliwa kete tatu mfululizo. Dakika 11! Na sababu ya kupumzika ameiandika. Nilibadilisha mpango wangu wote kesho yake. Nilipompima tena kwa kipimo cha Berg, kile cha usawa wa mwili chenye vipengele 14 na jumla ya alama 56, alikuwa amepanda.

Sasa, asingeandika ile dakika 11, mimi ningejuaje? Ningeona mtu anacheza drafti. Kwa hiyo hilo la maandishi si la watu wa ofisini peke yao. Ni sisi wa fani nyingine tunaowasoma.

Karata, ushauri wangu: barua ya kuunga mkono usimwombe mtabibu mwenzenu. Mwombe mtu wa viungo, au muuguzi wa zamu ya usiku. Muuguzi wa usiku anajua nani analala vizuri siku zenye kipindi na nani anagonga kengele mpaka alfajiri siku zisizo na kipindi. Sijaona jopo linalopuuza barua ya namna hiyo.

Mama_Bustani

Nikiongeza kidogo: mwombe pia mwanafunzi wake wa zamani, lakini si yule aliyefaulu sana. Mwombe aliyekuwa anataka kuacha. Na mumpe maswali, msimwambie tu "andika chochote". Ukimwambia hivyo atakuletea shairi.

Karata_Mkononi

Asanteni sana, kweli humu kuna watu. Nimerudi na habari.

Nilimwambia. Alicheka, akasema tuzo wapewe wagonjwa wanaokubali kucheza na mtu kama yeye. Halafu, kama Mzee alivyosema, akaanza kukumbuka. Kumbe ile fomu ya kurasa mbili tunayomjazia kila mgonjwa mpya (alipenda nini, alicheza na nani, nini kinamzuia sasa, anataka kurudia nini) aliitunga yeye. Mimi nilidhani imetoka wizarani! Wodi ya wazee wanaitumia, na ya wagonjwa wa akili wameibadilisha wakaongeza sehemu ya sauti na kelele. Hakuna jina lake popote kwenye karatasi. Alisema aliitunga kwa sababu mwanzoni daktari alikuwa anaandika kwa mkato tu, "burudani, inapofaa", na yeye hakutaka kuwa "inapofaa".

Na karata ameziandika! Ana daftari. Ameeleza meza iwe upana gani, mpinzani akae wapi, ni lini usogeze, na ni lini uache kwa sababu mgonjwa amekasirika kweli badala ya kukasirika kwa mchezo. Wanafunzi wananakili ukurasa ule kwa simu kila mwaka.

Cheti, kuhusu keki na bajeti, sikubishii. Nilimuuliza mama akipewa atafanyia nini. Akasema atalibandika tangazo la tuzo kwenye mlango wa ofisi ya vifaa, usawa wa macho ya mhasibu.

Cheti_Ukutani

Huyo mama nampigia kura.

Mzee_wa_Drafti

Hakuna kura, ni jopo. Ila vizuri.

Karata, barua yako imeshajiandika. Anza na fomu: kulikuwa na nini kabla yake, nini kilibadilika, wodi zipi zinaitumia leo. Weka nakala yake kama kiambatisho, na ile ya wodi ya wagonjwa wa akili iliyoongezwa sehemu ya kelele, maana fomu iliyobadilishwa na wengine inaonyesha kuwa inatumika, haikai kabatini tu. Kisha ukurasa wa daftari. Mzee wa karata awe aya moja, katikati, ili msomaji aone mbinu ikifanya kazi. "Inapofaa" usiiache, ila mwulize mama kwanza kama yule daktari bado yupo kazini.

Ukimaliza, pitia na kalamu nyekundu ufute kila "mchapakazi". Ukibakiza mmoja jopo halitakulaumu. Na hilo daftari lipigwe nakala leo, mambo ya tuzo baadaye. Liko moja tu, halafu liko wodini, karibu na vikombe vya chai.

Karata_Mkononi

Niko kwenye mashine ya kunakili hapa. Kurasa 3 za mwisho tayari zina duara la kikombe.