Maneno ya ulevi kwenye tamthilia za Kihispania: pedo, cruda, guayabo… mnayatafsirije?

Subtaito_Kisasa

Wakuu, habari za jioni. Naandika subtaito za Kiswahili kwa ajili ya watazamaji wa hapa Dodoma, na nimekwama kwenye maneno ya pombe. Kihispania cha darasani kinafundisha *borracho* na kuishia hapo, lakini wahusika wa tamthilia hawaongei hivyo. Mistari inayonisumbua ni hii:

1. Meksiko: *Anda bien pedo.*
2. Meksiko: *Vengo a curarme la cruda.*
3. Chile: *Tu hermano se curó en el matrimonio.*
4. Kolombia: *Tengo un guayabo terrible.*
5. Ajentina: *¡Ni en pedo voy!*
6. Hispania: *Está durmiendo la mona.*

Nikifuata kamusi neno kwa neno, wa pili kaja kuponya mbichi, wa nne ana mpera wa kutisha, na wa sita anamlaza nyani. Naomba maana halisi, na Kiswahili ambacho mtu wa Majengo akikisoma hatasita.

Zuzu_Lugha

Mkuu, kwanza weka nchi ya msemaji pembeni ya kila mstari, kama ulivyofanya hapa. Maneno haya hayavuki mipaka salama. Mfano mzuri ni namba 2 na namba 3, zote zina *curarse*. Meksiko, *curarse la cruda* ni kuondoa uchovu wa pombe za jana, yaani kuzimua kwetu. Chile, *curarse* ni kulewa kwenyewe, na *curado* ni mtu aliyelewa. Neno moja, huku linatoa pombe, kule linaingiza. Kwa hiyo namba 2 ni "Nimekuja kuzimua", na namba 3 ni "Kaka yako alilewa kwenye harusi". Angalia pia *matrimonio*: Chile wanalitumia kwa sherehe yenyewe ya harusi, usiandike "alilewa kwenye ndoa".

*Guayabo* kwa kawaida ni mpera, ila Kolombia ni hali ya asubuhi baada ya kunywa. Hali hiyo ina jina jipya karibu kila nchi: *resaca* Hispania na kwingi kwingineko, *cruda* Meksiko, *guayabo* Kolombia, *ratón* Venezuela (panya), *goma* Amerika ya Kati kuanzia Guatemala hadi Kosta Rika, *chuchaqui* Ekwado, *chaqui* Bolivia, *caña* Chile. Hilo la Bolivia limetoka Kikechua na maana yake ni kukauka, jambo ambalo koo la mnywaji linalijua vizuri.

*Caña* nalo ni mtego. Ukiwa Madrid, *una caña* ni glasi ndogo ya bia ya bomba, kama mililita 200. Ukiwa Santiago, *ando con la caña* ni "pombe za jana zinanisumbua". Venezuela *caña* ni kilevi chochote kikali. Usipoangalia nchi utamwagizia bia mtu anayelalamika kichwa kinamuuma.

Namba 6: *mona* ni nyani jike, lakini *dormir la mona* ni kulala mpaka pombe ziishe. "Amelala, pombe zimtoke" inatosha.

BintiKondoa

Naongezea upande wa sarufi, maana ndipo wengi wanapoharibu bila kujua. Kihispania kina vitenzi viwili vya "kuwa". *Está borracho* ni hali ya sasa, *es un borracho* ni tabia. Bahati nzuri Kiswahili kinatenganisha vilevile: "amelewa" na "ni mlevi". Mke akimwambia mumewe *estás borracho*, ukaandika "wewe mlevi", umebadilisha ugomvi wa usiku mmoja ukawa hukumu ya maisha. Sehemu inayofuata watazamaji watashangaa kwa nini wamepatana haraka hivyo.

Jingine ni *vino*. Hapa kwetu kwenye zabibu kila mtu ataona mvinyo. Lakini *vino* pia ni "alikuja". *Vino borracho a la boda* ni "alikuja harusini amelewa". Kama hakuna *el* au *un* mbele yake na linaanza sentensi, shuku kwamba ni kitenzi.

Halafu *chupa*. Ajentina, Peru na Meksiko, *chupar*, ambalo asili yake ni kunyonya au kufyonza, mtaani ni kunywa pombe. *Tu papá chupa mucho* ni "baba yako anakunywa sana". Haihusiani kabisa na chupa yetu, lakini sikio la Mswahili linadanganyika, hasa unapotafsiri kwa kusikiliza bila maandishi.

Subtaito_Kisasa

Nashukuru sana, dada. Sasa hilo *pedo* mbona sijaelewa? Kamusi inasema ni ushuzi, na nimelikuta mpaka sehemu ambazo hakuna aliyekunywa.

Zuzu_Lugha

Ni ushuzi kweli kwa asili, na *pedo* ni neno la mtaani, halisemwi mbele ya mkwe. Lichukue nchi kwa nchi.

Hispania: *va pedo*, *está pedo*, amelewa sana. Mwanamke naye ni *pedo*, neno halibadiliki.

Meksiko: linabadilika, mwanamume *pedo*, mwanamke *peda*. *Una peda* ni kikao cha kunywa. Lakini *no hay pedo* ni "hamna noma", na *¿cuál es el pedo?* ni "tatizo nini?" kwa sauti ya shari. Hapo pombe haipo.

Ajentina: kulewa ni *estar en pedo*, hiyo *en* usiipoteze. *Al pedo* ni bure, kazi isiyo na faida. *De pedo* ni kwa bahati tu. *Ni en pedo* ni kukataa kata kata, na Kiswahili kina jibu lake tayari: namba 5 ni "Hata kwa dawa siendi!"

Namba 1 ni "Amelewa chakari" au "Kalewa bwii", kutegemea umri wa anayesema.

Mpwapwa_Tafsiri

Hapo kwenye umri ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu maana sahihi ikiwa na daraja lisilo lake bado ni tafsiri mbovu.

Chini kabisa ni mtu aliyechangamka tu: *contentillo*, *achispado*, *piripi* kwa Hispania, *prendido* kwa Kolombia. Andika "amechangamka". Usiweke "amelewa", maana mara nyingi mwandishi anataka mhusika awe bado anajitambua anapotoa siri. Sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini, *tomado* ni neno la heshima: "amekunywa". Swali *¿usted toma?* ni "unatumia kilevi?", na kama ni daktari anauliza, hakuna namna bora zaidi. *Ebrio* na *en estado de ebriedad* ni lugha ya polisi na mahakama: "akiwa amelewa", bila kachumbari yoyote.

Juu kuna yale ya kulewa hasa. Hispania *como una cuba*: *cuba* hapo ni pipa, nchi ya Kuba haimo. *Ciego* (kipofu), *trompa*. Wana pia majina ya ulevi wenyewe: *cogorza*, *curda*, *melopea*, *merluza* ambaye ni samaki, *castaña* ambalo ni tunda. Meksiko *hasta las chanclas*, mpaka kwenye kandambili. Guatemala, Honduras na El Salvador *bolo*. Usihangaike kutafuta samaki wa Kiswahili. Chagua kati ya chakari, bwii na tilalila kwa kufuata msemaji. *Empinar el codo*, kuinua kiwiko, linakaa vizuri kwa mzee, na mzee wetu angesema "anakata maji". Kijana atasema "anapiga vyombo".

Tahadhari mbili za haraka. *Mamado* Ajentina na Hispania ni aliyelewa, ila Meksiko mara nyingi ni mtu aliyejazia misuli, kwa hiyo tazama picha kabla hujaandika. Na *coger una borrachera*, kulewa, ni salama Hispania, lakini Meksiko na Ajentina *coger* ni tusi la ngono. Wao husema *agarrar* au *ponerse*.

BintiKondoa

Kaka Mpwapwa, nakubali yote, ila kuhusu uchovu wa asubuhi sipendi kuona kila mahali "hengova". Mama wa makamo wa Kolombia anayesema *guayabo* anatumia neno la nyumbani kwake. Mpe "pombe za jana". "Hengova" waachie vijana wa mjini.

Mpwapwa_Tafsiri

Sawa, kwa mama huyo nakubali. Basi namba 4 iwe "Pombe za jana zinaniua." Herufi hazizidi 30 hata ukihesabu nafasi, na wengi wetu kikomo chetu ni herufi 42 kwa mstari, mistari 2.

Zuzu_Lugha

Tusisahau vinywaji vyenyewe. *Guaro* au *aguardiente* ya Kolombia usiite gongo. Gongo kwetu ni haramu kisheria, wakati ile inauzwa dukani, ina ladha ya anisi na nguvu kama asilimia 29. Ukiandika gongo umewafanya wahusika wahalifu. *Pulque* ya Meksiko usiite ujimbi wala wanzuki. Ni utomvu uliochachuka wa *maguey*, mmea wa jamii moja na mkonge, kwa hiyo acha "pulque" na mara ya kwanza ongeza "pombe ya mkonge". *Calimocho* ni mvinyo mwekundu na soda ya kola, nusu kwa nusu. *Caguama* ni chupa ya bia ya mililita 940 hivi, karibu mara mbili ya bia yetu ya 500, hivyo mtu aliyemaliza *tres caguamas* hajanywa bia tatu. Andika "chupa kubwa tatu".

Na Mhispania akiagiza *la penúltima* akiwa tayari kuondoka, hajakosea hesabu. Wengi wanaona mkosi kutaja ya mwisho, wanasema ya kabla ya mwisho. Usimsahihishe.

Subtaito_Kisasa

Nimenakili yote. Swali dogo: nikikutana na neno jipya, nahakikishaje nchi yake?

BintiKondoa

Kamusi ya Real Academia Española ipo mtandaoni, bure. Chini ya kila maana kuna vifupisho: *Méx.*, *Col.*, *Ven.*, *Chile*. Kuna pia *coloq.* kwa maneno ya mazungumzo na *malson.* kwa yanayochukiza masikioni. Soma hadi maana ya mwisho, kwa sababu ulevi mara nyingi umewekwa huko chini, baada ya mti, mnyama na samaki.