Nukta ya Zusanli chini ya goti: tupime kwa vidole vya nani?

Mwana wa Mkoani:
Assalamu aleikum. Bi mkubwa wangu, yaani mama, ambaye tumbo humjaa gesi kila alapo, alichomwa zile sindano nyembamba za tiba ya Kichina (akupancha) na daktari wa Kichina hapa Pemba, kwenye nukta iitwayo Zusanli, chini ya goti kwa upande wa nje, naye akahisi mguu mzito na ganzi ikishuka hadi juu ya unyayo. Tuliambiwa tuendelee kupabonyeza nyumbani, vidole vinne chini ya goti. Nikimbonyeza mimi hasikii kitu, lakini akijibonyeza mwenyewe hushtuka. Ninakosea wapi?

Mtaalamu wa viungo, Unguja:
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nadhani tatizo ni mkono wako. Vipimo vya tiba hii hutoka katika mwili wa mgonjwa mwenyewe, kama wazee wetu walivyopima kwa wanda (upana wa kidole) na shubiri: cun moja, kipimo cha tiba ya Kichina, ni upana wa kidole gumba chake, na cun tatu ni vidole vyake vinne vilivyobanwa pamoja. Mkunje goti, utafute kibonyeo kilicho chini ya pia ya goti kwa nje, kisha uweke vidole vyake kutoka hapo kwenda chini. Halafu sogea wanda mmoja nje ya ukingo wa muundi. Akiinua unyayo huku kisigino kikibaki sakafuni, utahisi msuli ukikaza chini ya kidole chako, hapo ndipo.

Msomaji wa Chake Chake:
Niongeze kuhusu jina. Zu ni mguu, san ni tatu, na li ni kipimo cha masafa cha Wachina. Husemwa kwamba aliyechoka akitibiwa hapo huweza kutembea li tatu zaidi. Ni nukta ya 36 katika mkondo wa tumbo, yaani njia ambayo kwa tiba ya Kichina husemwa nguvu ya mwili hupita, na ndiyo maana huteuliwa kwa maradhi ya tumbo. Ile ganzi aliyoihisi mama si ajabu, kwani chini ya nukta hiyo hupita neva inayoshuka hadi unyayoni.

Bi Mkunga:
Nawaomba sana msiichanganye na Sanyinjiao, nukta nyingine ambayo nayo hupimwa kwa vidole vinne, lakini juu ya kifundo cha mguu kwa upande wa ndani. Hiyo huepukwa kwa mjamzito. Nyumbani tumieni kidole gumba tu, sindano muwaachie wenye kazi yao. Na gesi ikiambatana na kukonda au choo cheusi, mpeleke mama hospitali bila kuchelewa.

Mwana wa Mkoani:
Ahsanteni. Nimepima kwa vidole vyake, ambavyo ni vyembamba sana kuliko vyangu, nikaona kwamba nilikuwa nikibonyeza karibu wanda mzima chini ya pahala penyewe. Safari hii amesema, "Hapo hapo."