Adapta za simu za intaneti: hela nimetoa mimi, funguo kashika muuzaji

Wakuu, nina hasira na hizi adapta za kuunganisha simu ya mezani na intaneti. Anayetaka kununua asome kwanza.

Sisi ni ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, tuna simu mbili za mezani. Muuzaji alisema "chomeka, piga". Siku ya kwanza tu, mteja anatusikia, sisi hatumsikii. Nimehangaika mpaka saa nne usiku ndipo nikagundua ni SIP ALG, kipengele cha rauta kinachoingilia simu za intaneti. Inachokonoa anwani zilizo ndani ya ujumbe wa simu na kuzivuruga, sauti inakosa njia ya kurudi. Nikaizima, tukasikilizana. Kikaratasi cha maelekezo hakina hata mstari mmoja kuhusu hilo, kina picha ya waya tu!

Likaja kubwa zaidi. Tukipiga sisi, simu inatoka vizuri. Anayetupigia anaambiwa hatupatikani. Adapta inajisajili kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayotuletea simu, kila baada ya sekunde 3600, yaani saa nzima, wakati rauta yetu ikiona kimya inafunga njia ya simu kuingia ndani ya dakika chache. Dawa ni kupunguza huo muda, au kuiamuru adapta itume ishara kila baada ya nusu dakika. Kazi ya dakika mbili. Lakini ukurasa wa setingi hizo unadai paswedi ya msimamizi na muuzaji amegoma kuitoa. Muda wote huo taa ya simu inawaka kijani! Wateja wawili wameshahamia kwa wakala mwingine, walidhani tumefunga ofisi.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike. Mpangilio wa namba ambazo adapta inakubali kupiga umekuja vilevile ulivyotoka Marekani. Ukipiga 911, namba ya dharura ya kwao, inatoka papo hapo, ukipiga 112 ya hapa kwetu unapata mlio wa kukataliwa. Ofisini tuna mzee mwenye kisukari, ameshaanguka mara moja. Nikabeba adapta hadi dukani, nikasimama hapo mpaka fundi akarekebisha. Wiki haijaisha, umeme ukakatika. Uliporudi, adapta ikavuta upya setingi kutoka seva yao na kufuta kila kitu. 112 ikafa tena, na hakuna aliyetuambia. Kumbe fundi aligusa kifaa tu, faili la kwenye seva akaliacha lilivyokuwa.

Mnaouza hivi vitu: mpeni mteja paswedi ya kifaa alicholipia. Wekeni namba za dharura za hapa kabla hakijatoka dukani. Mkibadilisha setingi kutoka kwenye seva yenu, mjulisheni mwenye ofisi.

Kuna aliyepata adapta isiyofungwa hapa Dar, ambayo unaingia mwenyewe mpaka ukurasa wa mwisho? Niambieni duka lilipo, nitakwenda kesho asubuhi. Hii nairudisha, na hela yangu naitaka.