Tupeane uzoefu: uliingiaje kwenye uwakilishi wa chama cha wafanyakazi kazini kwako?

Fundi wa Zamu
Wakuu, salaam. Uchaguzi wa tawi letu unakaribia na nafasi za uwakilishi hazina wagombea. Kila mtu anataka chama kiwe na nguvu, ila kusimama yeye hataki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu wawakilishi 10 mahali penye wanachama 21 hadi 100. Sisi tumo humo, na tunaohangaika ni watatu. Naomba waliowahi kuifanya kazi hii ya kujitolea waeleze waliingiaje na walikuta nini. Naanza mimi.

Niko kiwandani Dar es Salaam, idara ya ufungashaji. Kijana wetu wa kupakia mizigo alidaiwa katoni zimepotea zamu yake. Akaitwa ofisini asubuhi, akaambiwa kikao cha nidhamu kinaanza saa hiyo hiyo. Mwakilishi wetu enzi hizo alikuwa mzee mmoja fundi mitambo, mtu wa maneno machache. Aliingia na ovaroli yake, akaomba mashtaka yaandikwe, akasema kanuni zinampa mtuhumiwa saa zisizopungua 48 za kujiandaa. Hakugomba na mtu. Kikao kikaahirishwa. Katika muda huo walipitia daftari la getini, wakakuta gari lile lilipakiwa usiku, kijana akiwa ameshatoka. Shauri likafa.

Nilimuuliza mzee alijuaje yale. Akatoa mfukoni nakala ya Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, imekunjwa mpaka inachanika. Akaniambia soma, kisha kikao kijacho uje ukae nami. Nilikaa naye vikao kadhaa nikiandika tu, kabla sijachaguliwa. Mpaka leo naamini huo ndio mlango mzuri wa kuingilia.

Mama Pacha
Asante kaka kwa kuanzisha. Mimi ni mhudumu wa vyumba, hoteli moja Arusha. Sikugombea, nilisukumwa. Wanachama tulipovuka 100 ilibidi wawepo wawakilishi wasiopungua watano wa upande wa wanawake, ndivyo sheria inavyotaka, na wenzangu wakanitaja kwa sababu nilikuwa naulizia sana makato ya mshahara.

Jambo langu la kwanza lilikuwa kunyonyesha. Mama ana haki ya hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, lakini msimamizi alikuwa anasema "tutaona kama wageni si wengi". Nilizungumza na waliotoka likizo ya uzazi mmoja mmoja, nikaandika zamu zao, nikapeleka barua moja kwa afisa rasilimali watu, badala ya manung'uniko ya kwenye ngazi. Haikuwa rahisi, tuliitana vikaoni mara nyingi, lakini saa zile ziliingia kwenye ratiba ya zamu na ratiba ikabandikwa ukutani. Sasa mama habembelezi mtu.

Baada ya hapo hata wanaume walianza kunifuata wakitaka fomu ya TUF 6. Wako wanaoidharau kazi ya kujazisha fomu. Mimi naiheshimu. Fomu hiyo ndiyo inayompa mwajiri idhini ya kukata ada ya chama, na bila wanachama wengi chama hakiwezi kukaa mezani kujadili mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu masharti ya kazi.

Wa Maua
Habari zenu. Niko Naivasha, kwenye shamba la maua. Huku kazi hupanda sana kuelekea Valentine, na kesi nazo zinapanda: ovataimu, kuchelewa, mtu kujibizana na supavaiza. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinampa mfanyakazi haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama wakati anasikizwa, kabla aachishwe kazi kwa makosa ya nidhamu. Wengi hawajui, wanatia sahihi wakiwa peke yao.

Kilichonijaribu zaidi ni cheo. Nilipoanza kutetea watu na kushinda kesi, niliitwa kwa upole nikaambiwa nafasi ya supavaiza iko wazi. Pesa zingeongezeka, na ningekuwa mimi ndiye wa kuwaandikia wenzangu barua za onyo. Niliwaeleza watu wa grinihausi yangu waziwazi, tukajadiliana, nikakataa. Mke wangu hakufurahi na sikumlaumu, karo ya watoto haingoji. Nalisema kwa sababu kazi hii haina mshahara, na anayeingia akijiandaa kwa vitisho tu, hilo la upole litamkuta hajajiandaa.

Mgeni Kazini
Nyie mna vyama vyenye watu. Kwetu godauni tuko wachache, na bosi anajua kila mtu anapoishi. Nikijitokeza si ndiyo nitakuwa wa kwanza kufukuzwa?

Fundi wa Zamu
Swali la haki kabisa, na sitakudanganya. Kifungu cha 37 cha ile sheria yetu ya 2004 kinasema kuwa mwanachama au kushiriki shughuli halali za chama si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Bosi anaweza kujaribu hata hivyo. Ikitokea, una siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nimeona watu wazima wakilia kwa sababu walizungushwa na "njoo wiki ijayo" mpaka muda ukapita.

Kwa hiyo usijitangaze peke yako. Hata mkiwa chini ya 10 mna haki ya mwakilishi mmoja. Jiungeni kwanza kimya kimya, fomu zijazwe, ndipo barua ya chama iende kwa mwajiri ikiwa na majina yote.

Mtunza Wazee
Salaam kutoka Uingereza, natunza wazee. Hofu ya Mgeni naijua. Sisi tulioletwa na viza ya kazi tumefungwa kwa mwajiri aliyetudhamini, na kazi ikiisha kwa kawaida unapewa siku 60 upate mdhamini mwingine au uondoke. Nilianza kwa kumsindikiza dada mmoja wa kwetu ambaye Kiingereza kinampotea akiogopa. Baadaye chama kikanipeleka mafunzo. Huku msindikizaji anaruhusiwa kueleza hoja za mfanyakazi na kushauriana naye, ila hawezi kumjibia maswali. Basi nilichojifunza ni kuomba mapumziko. Mtu akianza kutetemeka, nasema tunaomba dakika chache nje. Akirudi anaongea vingine kabisa.

Mwalimu Kanda ya Ziwa
Mimi niliacha. Ada inakatwa kila mwezi, lakini nilipopeleka madai ya fedha za uhamisho za wenzangu, simu za wakubwa wa chama hazikupokelewa. Mwakilishi wa shule ndiye anayetazamwa usoni saa nne wakati wa chai, si aliyeko ngazi za juu. Sisemi msigombee. Anayegombea aulize mapema kabisa ada inatumikaje na taarifa italetwa lini tawini.

Mama Pacha
Mwalimu, ndiyo maana naumia wewe kuondoka. Anayedai hesabu tunamhitaji humo ndani. Kwetu ofisi ya mkoa ilikuwa kimya vivyo hivyo mpaka tawi zima tulipoandika barua moja na kutia sahihi wote. Katibu alikuja. Majibu yake hayakuturidhisha yote, na tumemwandikia tena.

Mgeni Kazini
Nimesoma yote. Nimezungumza na wenzangu, zaidi ya nusu wamekubali. Hizo fomu zinapatikana wapi?

Fundi wa Zamu
Ofisi ya mkoa ya chama cha sekta yenu. Nenda siku yako ya mapumziko, na uchukue za wote, hata za wale ambao bado wanafikiria.