Eti "Hongera, ulikaribia sana"! Hii benki ya kadi za maili inatuonaje?

Wakuu, nimekata simu dakika 10 zilizopita na mkono bado unatetemeka. Ile benki mnaijua, sina haja ya kuitaja, ile ambayo bahasha zake zinakutangulia kufika kwenye nyumba hata kabla hujahamia. Leo wameniambia, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto aliyeanguka kibarazani: "Hongera, ulikaribia sana."

Nilikaribia! Bonasi ya kadi mpya, pointi 60,000 za kukatia tiketi ya ndege, wadau! Sharti lilikuwa kutumia dola 4,000 ndani ya miezi 3. Nimetumia mpaka kadi ikashika moto. Matairi 4 nimebadilisha na ya zamani yalikuwa hayana neno. Bima ya gari nimelipa miezi 6 kwa mkupuo. Jamaa wa kanisani kasikika anataka friji, nimemkimbilia Houston nzima: usitoe hela yako, nilipie mimi kwa kadi, wewe nipe keshi. Mchele nimenunua wa kulisha msiba. Mdogo wangu anaolewa Desemba, Tanga, na bei za tiketi za Desemba hamna mgeni nazo hapa. Kila nikilipa nilikuwa naliona bawa la ndege.

Steitimenti imekuja: dola 4,031. Nimesubiri bonasi, kimya. Leo nikapiga. Dada wa kastoma kea kaniwekea muziki dakika 40, karudi na jibu kwamba ile ada ya mwaka, dola 95, haihesabiwi kwenye manunuzi. Toa 95, zinabaki 3,936. Nimepungukiwa dola 64 na muda umeisha Alhamisi. Nikamwambia, dada yangu, hizo 95 mmezikata nyinyi wenyewe, kwenye kadi hiyo hiyo, yangu siyo hela? Ndipo akalitoa. "Hongera, ulikaribia sana."

Mtu akiachwa na basi la Tanga kwa hatua mbili pale stendi ya Magufuli, unampa mkono? Sitaki mtu anifundishe. Nataka aniambie hiyo hongera ni ya nini.

Taa ya Chemli: Pole mkuu. Ila na mimi nakupongeza kwa kukaribia.

Mama Wawili: "Vigezo na masharti kuzingatiwa", hukuwahi kusikia redioni? Ada haihesabiwi, riba haihesabiwi, kuhamisha deni la kadi nyingine hakuhesabiwi, na kitu ukikirudisha dukani kinatolewa kwenye jumla. Ukiambiwa 4,000, nenda 4,300 ndipo ukalale. Ulisoma ule mkataba au ulitazama picha ya ndege tu?

Mleta mada: Ungekuwepo kwenye simu ukaisikia ile sauti usingeniuliza habari za mkataba. "Sana" aliivuta, dada. Saaana.

Kisiju Pwani: Afadhali yako. Mimi nilimtumia mama dola 500 za bati kwa kadi, kwenye hizi programu za kutuma hela nyumbani. Moyoni najua pointi hizo. Wakahesabu kama nimetoa keshi kwenye ATM! Pointi sifuri, ada juu, riba inaanza siku ile ile bila kungoja bili. Mama ameshapaua na mvua imeshampita, mimi bado nalipa bati.

Mleta mada: Inauma ndugu, lakini wewe hakuna aliyekupongeza.

Frankfurt Kwetu: Nyie wa Marekani mnalilia pointi 60,000? Njooni Ulaya. Hizo pointi zenu zinatokana na makato anayokatwa mwenye duka kila mkilipa kwa kadi. Huku tangu 2015 benki iliyokupa kadi haipati zaidi ya asilimia 0.3 kwa kadi ya mkopo. Bonasi yake mnaweza kuikisia. Mimi nimebeba kadi miaka na miaka, nimepata mwavuli.

Taa ya Chemli: Mwavuli una faida, mvua haiulizi maili.

Rubani Mstaafu: Mnakosea mwanzoni kabisa. Mnachagua kadi kwanza, ndege baadaye. Anayekwenda Tanzania aanze na nani anatua huko. Maili za United zinakata tiketi ya Ethiopian kwa sababu wote wako Star Alliance, ule umoja wa mashirika ya ndege, unapita Addis, unashuka Dar, Kilimanjaro au Zanzibar. Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM, inakupeleka na KLM kupitia Amsterdam. Kadi ambayo pointi zake hazihamishiki kwenye mojawapo ya hizo, mimi kwangu ni pambo la pochi. Na usibakize deni hata mwezi mmoja. Riba za kadi Marekani zimepita asilimia 20, hakuna pointi inayokimbizana na hiyo.

Mama Wawili: Huyu ndiye wa kusikilizwa.

Kilo Ishirini na Tatu: Mmetaja kupita njiani mkanikumbusha machungu. Ile ndege, mnaijua, imenifungulisha begi mbele ya foleni nzima kwa nusu kilo! Nusu! Nguo za ndani za mke wangu mezani, dagaa wa mama mezani, watu wanapiga chafya. Kaka wa kaunta ananiambia chagua, dagaa au viatu.

Kisiju Pwani: Ukachagua nini?

Kilo Ishirini na Tatu: Nimefika Marekani na kandambili, Januari.

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada. Hongera, jamani. HONGERA. Kwa dola 64!

Frankfurt Kwetu: Dagaa wa Kigoma au wa Mwanza?

Kilo Ishirini na Tatu: Mwanza.

Frankfurt Kwetu: Basi ungebaki na viatu. Wa Mwanza wana mchanga.

Mama Wawili: Mchanga ni wa mtu asiyejua kuosha. Usitukane ziwa la watu.

Rubani Mstaafu: Kigoma hakuna mjadala. Unakaanga na nyanya na pilipili mbuzi, unasahau deni.

Kisiju Pwani: Kuna mwenye dagaa wa Kigoma hapa Houston? Nifuate faragha, nanunua hata kilo 3.

Kilo Ishirini na Tatu: Ninao wa Mwanza, waliopona. Mleta mada, ule mchele wa msiba umebaki? Niko Katy, nusu saa nimefika.