Chakula cha mchana juu ya paa Mji Mkongwe: turuhusu, tuzuie, au tuteremshe jiko chini?

Mfungua mjadala
Assalamu alaykum. Mapaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yanazidi kugeuzwa migahawa. Mgeni anapanda saa saba mchana, anaagiza pweza wa nazi, anakaa mpaka saa kumi akipigwa na upepo wa bahari. Wako wanaotaka jambo hili lipigwe marufuku kabisa kwa vile mji uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2000. Wengine wanasema biashara hii ndiyo inayozilipia nyumba matengenezo. Nini hasa kinachoziharibu nyumba, na nini kinavumilika?

Fundi wa chokaa
Tuanze na dari lenyewe. Dari la nyumba ya zamani ni boriti za mikoko zilizolazwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe, kisha chokaa na kokoto zilizopigwa kwa vibao mpaka zikakaza. Boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Unene ukifika sentimita 30, kila mita ya mraba ina uzito wa karibu nusu tani kabla hujaweka hata kiti.

Sasa piga hesabu. Watu 40 pamoja na meza zao, wakikaa kwenye mita za mraba 80, hawafiki kilo 60 kwa mita. Tangi la maji la lita 2,000 lina tani 2, nalo linakaa juu ya mita 1.5 ya mraba tu. Hapo umeibebesha boriti zaidi ya kilo 1,300 kwa mita. Kwa hiyo mlaji msimwonee. Mzigo ni tangi, na baada ya tangi ni maji yanayomwagika jikoni kila siku.

Maji yakipenya hukimbilia kichwa cha boriti, pale ilipoingia ukutani. Kichwa kinaoza ndani kwa ndani, plasta inakificha, na katikati boriti inaonekana nzima. Dalili ni dari kulegea ubavuni mwa ukuta, au vumbi la mbao sakafuni. Choma kwa bisibisi nyembamba pale boriti inapoingia ukutani: ikizama bila kazi, boriti hiyo imekwisha hata kama haijapinda.

Kosa kubwa kuliko yote ni kumwaga saruji juu ya paa la chokaa ili "lisivuje". Saruji ni ngumu, haifuatani na jengo linapotanuka kwa jua, inafanya nyufa nyembamba. Maji yanaingia kwa nyufa hizo na hayapati pa kutokea, kwa sababu saruji haipumui. Unyevu unashuka kwenye boriti na chumvi inabandua plasta ya chini. Kipimo ni chokaa iliyolowekwa vizuri, fungu 1 kwa mafungu 3 ya mchanga usio na chumvi, kwa tabaka nyembamba, ikifunikwa magunia mabichi wiki nzima. Ikikauka haraka kwa jua la kaskazi inakuwa unga.

Mwenye mgahawa
Fundi, hesabu yako naikubali, lakini nyumba tupu nayo inakufa. Mlizamu, yaani mfereji wa kutolea maji paani, ukizibwa na majani, masika moja tu inatosha maji kusimama juu ya paa. Palipo na biashara, paa linafagiliwa kila asubuhi na nyufa inaonekana siku ileile. Marufuku itafunga mapaa yanayotunzwa na kuacha yanayovuja. Tangi naweza kuliteremsha uani na kuweka pampu. Jiko ndilo gumu: ngazi za nyumba hizi ni kali, na ghorofa tatu chakula kinapoa.

Mpishi
Hakipoi kama menyu imepangwa kwa ngazi hizo. Pweza wa nazi, mchuzi wa nguru na biriani vinasafiri vyema kwenye vyombo vizito vyenye mifuniko. Masala ya biriani na wali viwe kwenye vyombo mbalimbali, vikutane mezani. Visivyosafiri ni vya kukaanga. Changu aliyekaangwa akifunikwa dakika chache tu, mvuke unamlainisha ngozi na mteja anamrudisha. Kwenye uwazi wa ngazi funga kapi (gurudumu la kuvutia kamba), kamba na sanduku la mbao lenye mlango. Linapandisha sahani nne kwa mara moja bila mtu kubeba.

Jambo la kuogopa ni chakula cha kungoja. Kiwe cha moto zaidi ya nyuzi 60, au baridi chini ya 5. Juani, palipozidi nyuzi 32, saladi ya pweza isikae mezani zaidi ya saa moja. Mlo wa taratibu unataka sahani ndogo ndogo zinazofuatana, si kupanga kila kitu mara moja.

Lakini jiko la mkaa la mishikaki naomba libaki juu.

Mkaazi wa Kiponda
Hapo hapana. Vichochoro vyetu gari la zimamoto halipiti, na nyumba nyingi zina ngazi moja tu. Cheche ikiangukia makuti ya kivuli, watu 40 watashuka wapi? Mafuta yakiwaka, nani pale amefundishwa kwamba hayazimwi kwa maji?

Na mmesahau majirani. Paa la nyumba ya pili ni uwani kwa wenyewe: wanawake wanaanika nguo, wanakaa bila mitandio. Mgeni anayekaa saa tatu na kamera anaharibu stara iliyokuwapo kabla ya mgahawa. Ukuta wa nakshi wa mita 1.8 upande wa majirani, na meza ya mwisho iwe mita 2 kutoka ukingoni. Bahari itaonekana upande wa bahari. Mwezi wa Ramadhani mlo wa mchana usionekane wala harufu isishuke mtaani.

Mwenye mgahawa
Ukuta wa mita 1.8 kwa mawe ni mzigo mwingine juu ya dari, fundi.

Fundi wa chokaa
Si kwa mawe. Fremu ya mbao na kimia, ifungwe kwenye ukuta mkuu wa chini, isitobolewe paani hata tundu moja. Kivuli kiwe turubai la kukunjwa: kusi ikivuma, turubai lililokazwa huvuta nguzo na nguzo hufungua paa. Mkaa sikubali mimi pia, kwa sababu ya cheche. Mpishi apewe uani, na mtego wa mafuta, yaani chombo kinachonasa mafuta ya maji ya jikoni kabla hayajaingia kwenye karo, usafishwe kila wiki. Maji ya kuoshea sahani yasipande juu kabisa.

Mkaazi wa Kiponda
Basi masharti hayo yaandikwe kwenye kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, na dari lichomwe bisibisi kila mwaka baada ya masika, jirani akiwepo.