Fizikia C, wastani B-: Sayansi ya Kompyuta chuo kikuu bado inawezekana?

Dada_wa_Bahati:
Hamjambo wadau. Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne hapa Nakuru. KCSE yake (mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne) ni hii: Kiingereza C+, Kiswahili B, Hisabati B-, Biolojia B-, Kemia C+, Fizikia C, Jiografia B, Kompyuta A-. Wastani B-, pointi 59. Anataka shahada ya Sayansi ya Kompyuta, kwanza chuo cha Egerton kwa kuwa kampasi yake ya Njoro ni karibu, la sivyo Maseno au Masinde Muliro. Tulipiga hesabu ya klasta (pointi za masomo manne yanayohusiana na kozi) kwa kikokotoo cha simu tukapata karibu 34, lakini tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, inaonyesha hajatimiza masharti. Ana A- ya Kompyuta, sasa anakataliwa kwa nini? Na kama mlango huo umefungwa, apitie wapi?

Mwalimu_Hisabati:
Dada, tovuti haijakosea. Mnachanganya mambo mawili: sharti la somo na pointi za klasta.

Kwanza kuna wastani. Shahada yoyote inataka angalau C+, yaani pointi 46 kati ya 84 kwa masomo saba. Hapo amepita vizuri. Pili kuna kiwango cha chini cha kila somo kwa kozi husika. Kwa Sayansi ya Kompyuta vyuo vingi vinadai Hisabati C+ na Fizikia C+. Fizikia yake ni C, basi mfumo unamwondoa hapo hapo, kabla hata haujaangalia klasta. Pointi za klasta ni za kushindania nafasi baina ya wale waliokwisha kutimiza masharti.

Tazama hesabu yenyewe. Masomo manne ya klasta, A ikiwa pointi 12: Hisabati 8, Fizikia 6, Jiografia 9, Kompyuta 11, jumla 34 kati ya 48. Chukua 34/48, zidisha kwa 59/84, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Unapata 33.86. Sasa mpe Fizikia C+ badala ya C: masomo manne yanakuwa 35, zile 59 hazibadiliki kwa sababu Fizikia haikuwa miongoni mwa masomo saba yaliyohesabiwa, na klasta inakuwa 34.35. Tofauti haifiki hata nusu pointi. Ndiyo maana kikokotoo kiliwapa matumaini: hakijui sharti la somo.

Hayo pia ni makadirio tu. KUCCPS huzingatia jinsi kila somo lilivyofanywa kitaifa, kwa hivyo pointi za kwenye tovuti hutofautiana na za kikokotoo. Mkilinganisha na kiwango cha mwisho cha mwaka uliopita (pointi za aliyechukuliwa wa mwisho), tumieni za tovuti.

Kuhusu ile A-: somo la Kompyuta halitakiwi kabisa ili kusomea Sayansi ya Kompyuta. Shule nyingi hazilifundishi, na lingekuwa sharti lingewafungia nje watahiniwa wengi wazuri. Linaingia kama somo la nne la klasta, basi. Fizikia inatakiwa kwa sababu kozi ina mantiki ya dijitali na elektroniki, na Hisabati kwa sababu mwaka wa kwanza umejaa kalkulasi, matriki na hisabati ya seti na mantiki. Asiyeiweza hisabati hiyo ndiye hurudia mitihani, hata awe hodari vipi wa kuandika programu.

Mdau_wa_Kondele:
Nakubaliana na Mwalimu. Naongeza jinsi ya kusoma ukurasa wa kozi, maana hapo ndipo watu wengi hupotea.

Usitafute kwa jina moja tu. Fungua kundi zima la kozi za kompyuta, kisha soma masharti ya kila chuo mstari kwa mstari. Ukiona alama ya mkwaju baina ya masomo, kwa mfano PHY/CHE/BIO, maana yake ni "au". Kozi yenye mstari wa namna hiyo yeye anaingia kwa Biolojia B- au Kemia C+, na Fizikia haimzuii tena. Klasta nayo inapanda: Hisabati 8, Biolojia 8, Jiografia 9, Kompyuta 11 ni 36, na kwa hesabu ile ile ya Mwalimu anapata kama 34.84.

Mikwaju hiyo tafuteni zaidi kwenye Teknolojia ya Habari na mifumo ya habari ya biashara. Pale Bondo, Jaramogi Oginga Odinga, kuna pia kozi ya usalama wa kompyuta. Kibabii na Masinde Muliro msiviruke. Kozi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na masharti tofauti kwa sababu kila chuo huandika yake, kwa hivyo alichosoma mtu kwenye ukurasa wa Maseno kisichukuliwe kuwa ndicho cha Egerton.

Na asidharau Teknolojia ya Habari. Sayansi ya Kompyuta inaingia zaidi kwenye nadharia ya algoriti, vikusanyaji (compilers) na undani wa mifumo endeshi. Teknolojia ya Habari inaegemea mitandao, hifadhidata na usimamizi wa mifumo. Kuandika programu kupo kote kuwili.

Kitu kimoja cha kuhakikisha kwenye karatasi ya matokeo: Hisabati iwe na namba 121, yaani Chaguo A. Chaguo B ni 122, na kozi hizi zikisema MAT A zinamaanisha 121 peke yake.

Dada_wa_Bahati:
Asanteni sana, sasa naona tulipokwama. Kuna jamaa ametushauri arudie Fizikia peke yake mwaka huu. Mwingine anasema afanye kozi fupi ya kuziba pengo la gredi (bridging). Au aende diploma?

Mkufunzi_Kakamega:
Nitaanza na kurudia, kwa kuwa ndiko kunakogharimu zaidi watu wasipojua.

Fizikia peke yake haimsaidii KUCCPS. Anayefanya masomo yasiyofika saba hapewi wastani, na matokeo ya miaka miwili hayaunganishwi. Kwa hivyo arudie masomo yote kama mtahiniwa wa kujitegemea, na karo ya mtihani ajilipie. Fizikia ina karatasi ya tatu ya maabara yenye alama 40, basi kituo lazima kiwe na maabara inayofanya kazi, na muulize mapema kama watahiniwa wa nje wanaruhusiwa kufanyia mazoezi humo. Somo la Kompyuta ndilo gumu zaidi: karatasi ya tatu, 451/3, ni mradi unaofanywa kwa miezi chini ya mwalimu. Asipopata kituo cha kumsimamia mradi huo, ile A- imekwenda. Anaweza kupata Fizikia C+ na bado aishie na klasta ya chini kuliko aliyo nayo leo. Kwa matokeo haya mimi nisingemshauri arudie.

Kama mnaamini Fizikia ilisahihishwa vibaya, zungumzeni na mwalimu mkuu mara moja kuhusu kuomba KNEC, baraza la mitihani, isahihishe upya. Dirisha hilo ni fupi.

Kozi ya kuziba pengo KUCCPS haiitambui, wao hutazama gredi za KCSE tu. Baadhi ya vyuo huikubali kwa anayejilipia karo. Msilipe mahali popote kabla chuo anachokitaka hakijawaandikia kwamba kitaikubali, na kwa Fizikia, maana nyingi ya kozi hizo ni za Hisabati.

Diploma ni njia ya kweli. Inataka C-, naye ana B-. Kwa upande wa magharibi kuna Kisumu National Polytechnic na Sigalagala. Akimaliza vizuri anaomba shahada moja kwa moja chuoni bila KUCCPS, na masomo yanayolingana yanaweza kusamehewa. Ila ataingia kwa karo ya kujilipia, na baadhi ya vyuo bado hurudi kutazama Hisabati ya KCSE. Diploma iwe ya kompyuta, na taasisi iwe imesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi.

Kwangu mpangilio ni huu: aombe sasa kozi zenye mkwaju, diploma ibaki akiba.

Mdau_wa_Kondele:
Na msimkubalie yeyote atakayewaambia "aingie kozi yoyote Egerton, kisha ahamie Sayansi ya Kompyuta ndani kwa ndani." Uhamisho hutazama masharti yale yale ya somo pamoja na kiwango cha klasta cha mwaka aliochaguliwa. Fizikia C itamzuia huko pia, na wakati huo ameshalipa karo ya muhula kwa kozi asiyoitaka.